Mama Mkono na Mashine Isiyo na Wino

"Mkono huu," alisema mbele ya kipaza sauti, akiuinua juu kama anayeapa mahakamani, "haujapoteza kifurushi hata kimoja. Na hautapoteza. Mkono huu ukiandika anwani, hata dereva asiyejua kusoma atafikisha."

Ilikuwa kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha wafanyabiashara wadogo, ukumbi wa shule, viti vya plastiki, watu mia na ushee, na kipaza sauti kilichopiga mluzi kila mtu alipotamka "s". Ajenda ilikuwa vifurushi vinavyopotea. Kila aliyesimama alikuwa na kilio chake: mmoja sabuni zake zilikwenda kusini wakati mteja yuko kaskazini, mwingine viatu vilifika, lakini vyote vya kulia. Yeye aliposimama hakulia, alijisifu. Watu wakapiga makofi. Karani wa ofisi ya vifurushi, aliyealikwa pale ili asemwe, alipiga makofi kuliko wote, maana kwa dakika mbili nzima hakuna aliyemtukana. Tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likastaafu, akawa Mama Mkono.

Miaka mitatu baadaye mkono wenyewe ulikuwa umelala juu ya meza ya kushonea kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, na Mama Mkono anautazama, anausubiri uamke.

Alikuwa mshonaji wa foronya na mashuka ya vitanda vya watoto. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda, ghala na ofisi kuu: cherehani upande wa dirisha, meza ndefu ya kukatia vitambaa katikati, kabati la nguo ukutani, na juu ya kabati rundo la karatasi za kaki zilizofika karibu na dari. Pasi haikuwahi kupoa. Shuka likishonwa linapigwa pasi, likikunjwa linapigwa pasi tena, kisha linaingia kwenye mfuko wa nailoni, na mdomo wa mfuko unazibwa kwa pasi hiyohiyo, juu yake gazeti kuukuu ili nailoni isigande. Halafu anwani: kipande cha karatasi ya kaki, maka peni nyeusi, jina, namba ya simu, mji, ofisi ya kuchukulia. Kifurushi chote kinavishwa nailoni ya pili kwa ajili ya mvua, na pasi inapita mara ya mwisho. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na moja, kila Jumanne na kila Ijumaa, na kama ungemwamsha usingizini ukampa pasi, angekuziba wewe mdomo.

Ganzi ilianza na kidole gumba, ikamwalika cha shahada, ikamvuta na cha kati. Kwanza ilikuja na kuondoka. Baadaye ikahamia na mizigo yake kabisa. Sindano ilidondoka, mkasi ukadondoka, kikombe kikadondoka na chai ndani. Daktari alimkunja kiganja, akamgonga kifundo cha mkono, akamuuliza anafanya kazi gani, naye akaeleza.

"Kushona na kuandika, vyote kwa mkono huu?"

"Ninao mmoja tu wa kulia, daktari."

"Basi chagua kimoja uuachie. Kimoja kiwe na mtu mwingine au mashine."

Nyumbani, mdogo wake alipomuuliza daktari kasemaje, akajibu: "Kasema ninywe maji."

Mdogo wake ndiye aliyekuwa akipokea oda kwenye simu, kukimbiza vifurushi ofisini na kugombana na yeyote aliyehitaji kugombwa. Alikuwa na mdomo mmoja lakini ulifanya kazi ya midomo minne. Kwa wiki nzima alimjaza dada yake maji kama pipa, na ganzi haikujali.

Kitu ambacho mdogo mtu hakukijua kilikuwa juu ya kabati, nyuma ya rundo la kaki. Kifurushi kimoja. Mashuka mawili na foronya mbili za mapacha, kilo moja na robo. Kilikuwa kimesafiri hadi mji wa mbali, kikazungushwa huko, kikarudishwa mlangoni na dereva asubuhi moja mdogo mtu akiwa sokoni. Dereva alikitambua kwa muhuri wa mpira wa mtumaji tu. Juu ya anwani mtu wa huko alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, neno moja: *Haisomeki.*

Mama Mkono alikipokea, akamshukuru dereva, akafunga mlango, akapanda kiti.

Mama wa mapacha alipiga simu kila Jumatatu. Kila Jumatatu Mama Mkono alijibu, kwa sauti aliyoichukia mwenyewe, "Ofisini bado wanatafuta, mama, vumilia kidogo." Na mdogo mtu, akisikia hivyo, alikuwa ameshakwenda dirishani mara mbili kumwambia karani maneno ambayo hayaandikiki, karani akawa anapangua rafu zake kutafuta kitu ambacho kililala chini ya dari ya mwenyewe. Mapacha wakaota meno. Kifurushi kiko pale. Angekituma tena, kwa anwani ipi? Angeandika kwa mkono upi? Na angemwambia nini karani, mtu aliyempigia makofi?

Kwa hiyo mdogo wake aliposema siku moja, kwa kutania tu, "Dada, wenzio siku hizi wanachapa lebo kwa mashine, wewe utaandika mpaka kaburini?" alitegemea matusi. Badala yake Mama Mkono akasema, "Inauzwa wapi?"

Mdogo mtu akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Duka lilikuwa la vifaa vya ofisi, upana wa kitanda, urefu wa treni. Muuzaji alikuwa kijana mwenye subira ya kununuliwa, ile inayoisha ghafla. Aliweka mashine tatu juu ya kaunta.

"Hii ndogo ni ya bei za dukani. Stika zake upana wa vidole viwili."

"Jina la mteja wangu mmoja tu lina upana wa vidole vitano," alisema Mama Mkono. "Mama huyo ana majina manne na anayapenda yote."

"Basi hii ya kati. Stika upana wa kiganja, anwani yote inakaa. Inaunganishwa na simu bila waya. Haina wino."

"Wino unauzwa mbali?"

"Hauuzwi. Haitumii wino."

Dada mtu akamtazama mdogo mtu. Mdogo mtu akamtazama muuzaji.

"Mwanangu," alisema Mama Mkono polepole, kama anayemhoji mtu aliyeokota pochi, "kama haina wino, inaandika kwa nini? Kwa maombi?"

"Kwa joto, mama. Karatasi yenyewe ina dawa. Kichwa cha mashine kinapata moto, kinapogusa karatasi panageuka peusi. Wino haumwagiki, haukauki, hununui."

"Na hii ya tatu?"

"Hiyo ina utepe wa wino. Joto linabandika wino wa utepe kwenye karatasi. Hiyo ndiyo imara, lebo inakaa miaka. Lakini bei ni mara mbili, na utepe utaununua kila ukiisha."

"Lebo ikae miaka ya nini?" aliingilia mdogo mtu. "Kifurushi kinafika kwa siku mbili. Tunatuma mashuka, si mawe ya kaburi."

Muuzaji akakubali kwamba hoja ipo. Mama Mkono akaomba kuona sampuli. Kijana akaandika kitu kwenye simu, mashine ya kati ikakoroma, *zzzrrt*, ikatoa ulimi mweupe wenye maandishi meusi. Aliushika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilisimama wima, zimenyolewa, hakuna hata moja iliyoegemea mwenzake. Moja ilikuwa moja, saba ilikuwa saba. Alijisikia kama mtu aliyeona mke mwenza, na ni mzuri.

"Haiwezi kuandika mwandiko wa kuunganisha?" aliuliza.

"Mama, hii ni mashine."

"Nimeuliza tu."

Akauliza ina uzito gani, akauliza ikianguka, akauliza umeme ukikatika katikati ya jina. Akaona ile ya utepe ni nyeusi mno na ile ndogo ni nyeupe mno. Alikwenda mlangoni, akarudi. Mdogo wake alidhani anataka punguzo. Hakutaka punguzo. Alitaka mtu yeyote amwambie asinunue, na hakutokea, na miguu ilikuwa imechoka.

"Ya kati," alisema.

Muuzaji alipokuwa anafunga boksi akakumbuka wajibu wake. "Kitu kimoja, mama. Hizi karatasi usiziweke juani. Zitaharibika."

"Vifurushi vyangu haviendi kuota jua, vinakwenda kazini."

"Nimekupa roli ya kujaribia, stika ishirini na tano. Roli kubwa zimeisha, zinaingia Jumatatu."

Alhamisi walikaa nayo mezani. Mdogo mtu akaiunganisha na simu baada ya kuitukana mara tatu, ikakubali, maana hata mashine ilijua nani mwenye nyumba. Ya kwanza akachapa jina lake mwenyewe, akalibandika kwenye friji. Ya pili akachapa "MTU MUHIMU", akaibandika mgongoni kwa dada yake, aliyetembea nayo mpaka dukani na kurudi. Nne zikaenda hivyo. Mbili zikachapwa kichwa chini. Zilizobaki zilikuwa kumi na tisa, na oda za Ijumaa zilikuwa kumi na tisa.

"Unaona? Mungu anajua hesabu," alisema mdogo mtu.

Ijumaa asubuhi zikachapwa zote kumi na tisa bila kosa. Mama Mkono alikuwa ameketi kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alishona mfululizo bila kusimama kuandika. Hakufurahi. Ni kuchoka tu kulikosogea kidogo, kukampisha akae. Mdogo wake akabandika lebo, akavisha nailoni ya pili, akavipanga mezani, akaenda kuoga.

Mama Mkono akasimama, akachukua gazeti, akachukua pasi.

Hapa usimlaumu. Miaka kumi na moja. Mkono wa kushoto ulilaza gazeti, wa kulia ukabeba pasi kwa ganzi yake, ukapita, *shwaa*, kifurushi pembeni. Gazeti, pasi, pembeni. Alikuwa anawaza mapacha. Alikuwa anawaza kwamba sasa kuna mashine, angeweza kuchapa anwani ya mama yao kimyakimya, akakituma tena bila mtu kujua, ingebaki siri ya kabati. Gazeti lilifunika kila lebo kabla hajaiona, na kila alipoligeuza tayari alikuwa anatazama kifurushi kinachofuata. Alimaliza vyote, akaegemeza pasi, akajinyoosha mgongo.

Mdogo wake akatoka bafuni na taulo kichwani. Akasimama.

"Dada. Hivi ni nini?"

Kumi na tisa, vimepangwa vizuri, kila kimoja na mraba mweusi juu yake, mweusi kama chini ya sufuria. Hakuna jina, hakuna mji, hakuna namba.

"Umezichoma anwani!"

"Nimeziba nailoni."

"Umezichoma! Si alisema zinaandika kwa joto? Sasa wewe umeziandikia riwaya nzima!"

"Alisema jua!" Mama Mkono alipaza sauti. "Alisema jua! Alisema pasi? Wewe ulimsikia akisema pasi?"

Mdogo mtu hakuwa amemsikia akisema pasi. Alikaa kwenye kiti, akacheka mpaka taulo likaanguka, kisha akatazama saa na kicheko kikakatika kama kimefungwa bomba. Gari la vifurushi lilikuwa linaondoka saa saba mchana. Stika hakuna. Roli Jumatatu.

"Haya," alisema, akasimama. "Hamna shida. Tunaye bingwa. Kaki iko wapi?"

"Nitaitoa mwenyewe."

"Wewe mzee kaa."

"Nimesema usipande!"

Lakini mdogo mtu alishapanda kiti, akavuta rundo la kaki kwa mikono miwili, na kifurushi cha nyuma yake kikamfuata, kikamtua begani, puu, kikaanguka sakafuni na uso juu.

Alishuka. Akakiokota. Akakisoma, au tuseme alijaribu. Mistari ilipanda na kushuka, saba zimejikunja kuwa moja, jina la mama wa mapacha limelaliana kama watu kwenye benchi fupi. Na lile neno jekundu.

"Hiki ndicho cha mapacha."

Mama Mkono aliichomoa pasi kwenye umeme.

"Dada, nimekwenda kumwita yule karani mwizi. Mbele ya watu. Nimemwambia mashuka ya watoto wachanga yamemkaa shingoni."

"Najua."

"Ulijua ukaniacha niende mara ya pili?"

"Nilikuwa nimechoka," alisema Mama Mkono, na hilo lilikuwa kweli kuliko vyote alivyosema tangu mvua za mwanzo wa mwaka.

Mdogo mtu akamwekea maka peni mezani. Si kwa ubaya, lakini hakumwonea huruma pia. "Andika. Nione."

Akaishika. Kidole gumba hakikujua kimeshika nini. Aliandika herufi ya kwanza, ikakubali. Ya pili ikalala. Ya tatu kalamu ilimponyoka, ikabingirika hadi ukingoni, ikaanguka, na hakuna kati yao aliyeinama kuiokota.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Na daktari akasema maji."

"Maji pia aliyataja."

Mdogo mtu akaokota kalamu. Akavuta kiti, akakata kaki, akakunja mikono ya blauzi. "Haya nitajie. Polepole, mwandiko wangu unajulikana."

Ulijulikana kweli. Ulikuwa mwandiko wa kuku aliyefukuzwa. Lakini moja yake ilikuwa moja. Mama Mkono alikaa pembeni yake akisoma oda kwenye simu, jina baada ya jina, mji baada ya mji, na kila kaki iliyoandikwa aliibandika kwa mkono wa kushoto juu ya mraba mweusi. Walipofika ya kumi na tisa, mdogo mtu akakata kaki nyingine bila kuambiwa.

"Namba ya mama wa mapacha?"

Mama Mkono alikuwa anaijua kwa kichwa.

Njiani walibeba magunia mawili, mdogo mtu mawili yote. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa ndefu kuliko Ijumaa nyingine.

"Kuanzia Jumatatu, pasi kwanza," alisema mdogo mtu akihema. "Nailoni, pasi, ipoe, ndipo lebo. Lebo juu ya kila kitu."

"Na mvua?"

"Selotepu ya kuonekana ndani. Au tungechukua ile ya utepe."

"Ungeilipia wewe?"

"Pasi kwanza, dada."

"Pasi kwanza," alikubali Mama Mkono.

Ofisini kulikuwa na foleni ya watu kama kumi. Karani alikuwa dirishani, miwani imeshuka puani. Alipomwona mdogo mtu alivuta droo akaifunga, kwa namna ya mtu anayejificha nyuma ya droo. Alipomwona Mama Mkono nyuma yake akatulia kidogo. Vifurushi vikaingia kimoja kimoja. Karani aligeuza cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Mama Mkono. Mwandiko huu si wako."

"Ni wa mdogo wangu."

"Unaumwa?"

Watu wa foleni walikuwa wanasikiliza, kama watu wa foleni wafanyavyo, kwa kutazama pengine. Mmoja wao alikuwa yule wa sabuni zilizokwenda kusini. Mama Mkono alichukua kifurushi cha ishirini kutoka chini ya kwapa, akakiweka kwenye kaunta, upande wa anwani ya zamani juu.

"Hiki hakikupotea hapa," alisema, kwa sauti ya kawaida, isiyohitaji kipaza sauti. "Kilirudi kwangu. Anwani niliandika mimi, na haisomeki. Nilikificha. Nikasema mnakitafuta."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Rafu ya juu nimeipangua mara tatu."

"Najua."

"Nimetoa panya, mama. Panya na watoto wake."

"Samahani, karani. Mkono umekufa ganzi. Kuandika nimeacha."

Mdogo mtu akasogea karibu na dirisha. Kwa mara ya kwanza pale, sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi samahani. Kwa lile la mwizi."

"Na lile la shingo?"

"Na lile la shingo."

Yule wa sabuni akakohoa. Karani alikivuta kifurushi karibu, akaisogelea anwani ya zamani mpaka pua ikakaribia kaki. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ni moja?"

"Saba."

"Ningekipeleka palepale walikokipeleka," alisema. Akakigeuza upande wa pili, penye mwandiko wa kuku, akakisoma mara moja tu, akagonga muhuri. Kisha akakiweka kwenye mizani, akasubiri mshale utulie.

"Kilichorudi kikitumwa tena kinalipiwa upya," alisema. "Elfu tatu na mia mbili."